Aliyebaki: Uchambuzi wa Kisa cha Paka Aliyeacha Kula Baada ya Mwenzake Kufa

Usuli

Kisa hiki kilitokea Mombasa, katika nyumba ya ghorofa inayokaliwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, pamoja na mwanawe, mkamwana wake na mjukuu wa kiume wa miaka 11. Majina ya paka yamebadilishwa, na kila jambo ambalo lingeweza kuitambulisha familia limeondolewa. Mwandishi ndiye daktari wa mifugo aliyeitwa nyumbani humo.

Paka walikuwa wawili. Tausi, jike aliyekaribia miaka 14, alilelewa na bibi tangu akiwa mdogo. Kofia, dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 6 hivi, aliokotwa kichochoroni akiwa bado ananyonya, na Tausi akamlea kana kwamba ni wake. Tangu hapo hawakutengana. Walilala kikapu kimoja, walirambana manyoya, na Kofia alikuwa na desturi ya kumfuata Tausi kila aendako: Tausi akiamka kwa adhana ya Alfajiri na kwenda jikoni kudai chakula, Kofia huja nyuma yake, Tausi akihamia dirishani jua likipanda, Kofia naye hupanda. Hata kula, Tausi ndiye aliyeanza, na Kofia alingoja hadi amalize ndipo asogee kwenye sahani. Nataja mambo haya kwa urefu kwa sababu baadaye ndiyo yaliyotoa ufunguo wa kisa, ingawa familia iliyasimulia kama vichekesho tu vya paka wao.

Miezi miwili kabla ya kifo, Tausi aligundulika kuwa na maradhi sugu ya figo. Alikuwa akinywa maji mengi, akikonda na kutapika mara kwa mara. Bibi alimbadilishia chakula. Badala ya punje kavu alizozoea, alipewa chakula laini cha kopo au kuku wa kuchemsha aliyesagwa, kikiwa kwenye sahani bapa ya kauri, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Punje za Kofia ziliendelea kuwekwa kwenye bakuli lake la plastiki, lakini hakuna aliyeangalia kama zinaliwa, maana macho yote yalikuwa kwa mgonjwa.

Mfululizo wa matukio

Tausi alikufa usiku, akiwa ndani ya kikapu, na Kofia akiwa pembeni. Mwana wa bibi alimchukua kabla hapajapambazuka akaenda kumzika shambani kwa jamaa, ili mtoto asiamke akamkuta. Asubuhi hiyo mkamwana, kwa nia njema kabisa, alitupa kikapu, akafua vitambaa vyote kwa jiki, akapiga deki nyumba nzima kwa dawa, akaviweka kando sahani ya kauri na makopo yaliyobaki. Kufikia adhuhuri hapakuwa na alama ya Tausi katika nyumba ile.

Siku hiyo ya kwanza Kofia alizunguka vyumba akinusa pembe zote, akakaa muda mrefu pale kilipokuwa kikapu. Usiku alilia kwa sauti nzito ya kuvuta mbele ya mlango wa chumba cha bibi. Bibi aliamka kila mara, akamwita, akampakata, akalia naye. Siku ya pili alikula punje chache, nyingine akaziangusha sakafuni. Siku ya tatu hakula kitu ila alilamba supu ya samaki. Familia iliafikiana kwamba paka ana majonzi, na majonzi huisha yenyewe.

Jioni ya siku hiyo ya tatu mpwa wa bibi alileta mtoto wa paka wa miezi miwili aliyepewa sokoni, akisema mpweke huponywa kwa mwenziwe. Kofia alimfokea, akapanda juu ya kabati na kukaa huko usiku kucha. Siku ya nne alikojoa kwenye mkeka wa mlangoni badala ya beseni lake la mchanga, kwa sababu beseni lilikuwa kwenye ushoroba alikofungiwa mtoto wa paka. Mkamwana alijaribu kumlisha uji kwa sirinji. Kofia aliutema, akamkwaruza, na tangu hapo alikuwa akikimbia kila alipomwona ameshika chombo chochote. Jirani mmoja alishauri apewe dawa ya maji ya paracetamol ya watoto ili "mwili ukae sawa". Bibi alikataa kumpa kitu asichokijua, akapiga simu. Kukataa huko kuliokoa uhai wa paka, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol kama la binadamu, na hata kiasi kidogo huharibu damu yake isiweze kubeba oksijeni.

Simu ilipigwa asubuhi ya siku ya tano. Maneno ya bibi yalikuwa haya: "Mwanangu, njoo umtazame huyu. Anamlilia mwenziwe, lakini sasa naona amezidi."

Uchunguzi

Kofia alikuwa macho lakini mzito. Joto la mwili lilikuwa 38.6, ambalo ni la kawaida kwa paka. Uzito ulikuwa kilo 5.1, miezi mitatu nyuma, alipochanjwa, alikuwa na kilo 5.6. Amepoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake, na haikuwezekana kwamba yote yamepotea kwa siku nne. Hilo lilikuwa dokezo la kwanza kwamba tatizo lilianza Tausi akiwa bado hai. Ngozi ya shingo ilirudi taratibu ilipovutwa, dalili ya upungufu wa maji. Fizi zilikuwa za waridi. Hazikuwa na umanjano, wala weupe wa macho haukuwa nao.

Kibofu kilikuwa laini na hakikujaa. Kwa paka dume aliyekojoa mahali pasipo pake hili haliachwi kwa kubahatisha, kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuziba wakati wa msongo, na paka aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Kofia hakuwa anajikamua, na familia ilikuwa imeona dimbwi la kawaida kwenye mkeka.

Mdomoni palikuwa na habari kubwa zaidi. Fizi ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa nyekundu na imevimba, na chini yake jino moja la kutafunia lilikuwa limelika kwenye shingo, pale linapokutana na fizi. Maradhi haya ya jino kumomonyoka lenyewe ni ya kawaida kwa paka kuanzia umri wa makamo, na yana maumivu makali yasiyoonekana kwa nje, kwani paka huyaficha. Kidole kilipoligusa, taya la Kofia lilitetemeka.

Nilimuuliza bibi Kofia alikuwa akila nini katika miezi miwili ya ugonjwa wa Tausi. Alifikiri kidogo. Mjukuu ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni: "Alikuwa anamalizia sahani ya Tausi, dokta. Zile punje ziko vilevile, mimi ndiye nilikuwa nazimwaga."

Damu ilichukuliwa na kupelekwa maabara. Majibu yalirudi jioni: figo zilikuwa sawa, bilirubini, ile rangi ya damu inayoleta umanjano ini likishindwa kazi, haijapanda, lakini kimeng'enya kimoja cha ini, ALP, kilikuwa juu kidogo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuutanguliza mlo kabla ya jambo lingine lolote. Paka asipokula, mwili wake huyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini likijaa mafuta huanza kushindwa kazi. Paka mnene yumo hatarini zaidi kuliko aliyekonda, na siku mbili au tatu za njaa kamili zinatosha kuanzisha mambo. Kofia alikuwa na unene wa wastani wa paka wa ndani, alikuwa amepitisha karibu siku mbili na nusu bila chakula cha maana, na ALP ilionyesha kwamba ini limeanza kulalamika. Tuliweka mpaka ulio wazi: ndani ya saa 24 awe amekula kwa hiari angalau theluthi moja ya mahitaji yake, asipofikia hapo atapelekwa kliniki awekewe mrija mwembamba wa chakula kupitia puani. Mahitaji ya paka wa kilo 5.1 aliyetulia ni kiasi cha kilokalori 240 kwa siku. Theluthi ni 80, sawa na gramu 50 hivi za nyama ya kuku ya kuchemsha isiyo na ngozi wala mfupa. Siku ya pili alitakiwa kufikia theluthi mbili, na siku ya tatu mlo kamili, maana mwili uliokaa na njaa haujazwi kwa mpigo.

Mpaka wa namna hii una faida nyingine. Familia iliyofiwa haiwezi kupima kwa macho kama paka "anaanza kuchangamka". Inaweza kupima gramu 50 kwenye mizani ya jikoni.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumtibu nyumbani. Kliniki ingempa uangalizi wa karibu, lakini ingemwondoa pia kwenye harufu na sauti chache anazozijua zilizobaki, na paka mwenye hofu mara nyingi hali mbele ya wageni. Kwa kuwa hakuwa na umanjano, hakutapika na kibofu kilikuwa wazi, hatari ya kusubiri usiku mmoja ilikubalika. Alichomwa maji ya dripu chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kichefuchefu na dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni inayofaa paka. Dawa za kupunguza uvimbe ziliachwa kwa makusudi, kwa sababu kwa paka aliyepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Dawa ya kuongeza hamu ya kula, mirtazapini, iliwekwa akiba hadi jioni, ili kwanza tuone atafanya nini maumivu yakitulia.

Uamuzi wa tatu uliwahusu watu, na ndio uliochukua maneno mengi. Mtoto wa paka aliondoka siku ileile kwenda kwa mpwa. Bibi aliona haya kumrudisha mgeni, akakumbusha kwamba paka ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani, kama ilivyopokewa katika hadithi ya Mtume, na kwamba kumfukuza si uungwana. Nilimweleza: "Mama, hatumfukuzi. Tunamhamishia kwa mwanao, na huko atakula na kulala vizuri kuliko ushorobani." Palikuwa na sababu nyingine nzito: mtoto huyo hakuwa amechanjwa na alitoka sokoni, na Kofia alikuwa katika hali dhaifu.

Chakula laini kilirudishwa, kwenye sahani ileile ya kauri, mahali palepale. Jukumu la kulisha alikabidhiwa mjukuu. Bibi alikuwa akimkalia Kofia, akimsihi ale na kumbembeleza kwa sauti ya kilio, na mkamwana alikuwa tayari amegeuka adui wa sirinji. Mtoto peke yake ndiye aliyebaki mtu wa kawaida machoni pa paka. Aliagizwa kuweka sahani, kuondoka, kurudi baada ya nusu saa, kupima kilichobaki na kuandika kwenye daftari. Saa za kulisha zilifungamanishwa na swala: baada ya Alfajiri, adhuhuri, alasiri na baada ya Isha. Ratiba hii inafaa sana pwani yetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima. Ingekuwa London ingevurugika kila mwezi.

Kilio cha usiku kilipangiwa kanuni yake. Bibi asiamke kumjibu. Badala yake, kabla ya mlo wa Isha mjukuu acheze naye robo saa kwa kamba iliyofungwa kitambaa, kisha ale, ili alale akiwa amechoka na kushiba. Siku hiyohiyo bibi alikuta ndani ya sanduku kipande cha khanga ambacho Tausi alikuwa akikilalia zamani na ambacho kiliponea jiki. Kikatandikwa kwenye kona aliyoipenda Kofia.

Jino lilisubiri. Kung'oa kunahitaji nusu kaputi, na paka mwenye ini lililochoka na upungufu wa maji si wa kulazwa kwa dawa hiyo bila dharura.

Matokeo

Saa moja baada ya sindano ya maumivu, Kofia alikula gramu 20 za kuku, kabla ya kupewa dawa yoyote ya kuongeza hamu. Alasiri alikula 15. Magharibi, nyumba ilipojaa watu waliokuja kumwona, hakugusa kitu, na mirtazapini ikatolewa. Baada ya Isha wageni walipoondoka alikula, na Alfajiri sahani ilikutwa tupu. Jumla ya saa 24 ilikuwa gramu 70, juu ya mpaka uliowekwa. Mrija haukuhitajika.

Kufikia siku ya tatu ya matibabu alikuwa anakula mlo kamili. Alirudi kwenye beseni la mchanga mara tu ushoroba ulipofunguliwa, na hakukojoa mkekani tena. Damu ilipopimwa upya baada ya wiki mbili, ALP ilikuwa imerejea kawaida. Jino liling'olewa wiki ya nne.

Kilio cha usiku kilikuwa na safari yake. Usiku tatu za mwanzo za kutojibiwa zilikuwa mbaya kuliko zilizotangulia, na jirani wa chini akalalamika. Usiku wa nne bibi alishindwa kuvumilia, akaamka, na kesho yake Kofia akalia zaidi. Kanuni ilirejeshwa kwa msaada wa mwana wa bibi, aliyekubali kulala sebuleni karibu na paka bila kumsemesha. Kilio kilianza kupungua wiki ya tatu, na mwezi wa pili kilikuwa kimebaki cha mara mojamoja.

Baada ya miezi miwili Kofia alikuwa na kilo 5.3. Tabia yake ilikuwa imebadilika katika mambo mawili. Alianza kwenda jikoni peke yake wakati wa adhana na kudai chakula kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Tausi akiwa hai. Pia alianza kulala miguuni pa bibi, wakati zamani alikuwa paka asiyependa kuguswa sana.

Uchambuzi

Swali ambalo familia iliuliza mwishoni ni lile ambalo msomaji naye atauliza: je, lilikuwa jino au yalikuwa majonzi? Ushahidi wa kisa hauruhusu kuchagua moja. Kupungua uzito kulianza kabla ya kifo, na gramu 20 za kwanza zililiwa baada ya maumivu kutulizwa na chakula laini kurudi, kabla ya mirtazapini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mgomo wa kula ilitokana na mdomo. Kwa upande mwingine, jino haliwezi kueleza kwa nini paka azunguke vyumba akinusa, akae mahali pa kikapu kilichotupwa, na alie mlangoni kwa wiki kadhaa, nyingine zikiwa baada ya maumivu kudhibitiwa. Kilichotokea ni kwamba mambo mawili yaligongana siku moja: Kofia alipoteza mwenziwe na, kwa kuwa chakula laini kilikuwa cha Tausi kwa jina, akapoteza pia mlo pekee alioweza kuutafuna.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo naliona kubwa kuliko mengine katika kisa hiki. Paka anapokufa, kabla ya kuuliza aliyebaki anahisi nini, inafaa kuuliza marehemu alikuwa akifanya nini katika maisha ya aliyebaki. Tausi alikuwa akifanya mengi. Alikuwa saa ya Kofia, kwani ndiye aliyejua adhana ina maana ya chakula. Alikuwa ruhusa yake ya kula. Alikuwa chanzo cha chakula laini. Alikuwa joto la usiku. Kila moja ya kazi hizo ilihitaji kujazwa na kitu mahususi: ratiba ya swala, sahani inayowekwa bila kungoja, kuku wa kusaga, mtu wa kulala sebuleni. Maneno "ana majonzi, yataisha" yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini yalifunga mlango wa maswali hayo kwa siku nne, na kwa paka siku nne ni muda mrefu.

Tafiti zilizopo zinaunga mkono kwamba mabadiliko ya tabia baada ya kifo cha mwenza ni ya kweli na ya kawaida. Uchunguzi wa ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, wa mwaka 1996 uliripoti kwamba asilimia 46 ya paka walipunguza kula baada ya mwenzao kufa. Mwaka 2016 Jessica Walker, Natalie Waran na Clive Phillips waliwahoji wenye mbwa na paka huko Australia na New Zealand, na wengi walisema paka waliobaki walidai kubembelezwa zaidi, walilia zaidi na walirudi mahali marehemu alipopenda kukaa. Kwa kawaida mabadiliko hayo yalitulia ndani ya miezi sita. Kofia anaingia moja kwa moja katika picha hiyo. Lakini asilimia 46 ni karibu nusu, na takwimu kama hiyo ina hatari yake mkononi mwa mtu mwenye haraka: dalili ikishakuwa ya kawaida, hakuna anayefungua mdomo wa paka kuangalia meno.

Tafiti hizi zote zinategemea macho ya mwenye paka, na utafiti wa Brittany Greene na Jennifer Vonk wa Chuo Kikuu cha Oakland, Michigan, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kuwa wenye paka waliokuwa na majonzi makubwa zaidi ndio walioripoti mabadiliko zaidi kwa paka zao. Jambo hilo lina tafsiri mbili, na zote zilikuwamo katika nyumba hii. Huenda bibi aliona majonzi kwa Kofia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nayo. Na huenda Kofia aliathirika kweli na bibi aliyekuwa akiamka usiku, akilia na kubadilisha saa zake za kula na kulala. Daftari la mjukuu lilisaidia kutenganisha. Siku ambazo bibi alisema "leo hajala kabisa", daftari lilionyesha gramu 40 au 50.

Kuhusu hatua moja moja, kumwondoa mtoto wa paka kulileta nafuu ya haraka na iliyo wazi: mkojo mkekani ulikoma mara moja. Desturi ya kuziba pengo kwa paka mpya inatokana na huruma, lakini paka hawapokei wageni kama binadamu wanavyopokea mgeni msibani. Eneo ni mali kwao, na Kofia alivamiwa katika wiki ambayo tayari alikuwa hajui nyumba yake inanukaje. Angekuwa mzima, mtoto huyo angeweza kuingizwa polepole, kwa chumba chake, beseni lake na kubadilishana vitambaa vya harufu kabla ya kuonana.

Jiki ilileta hasara ambayo haikukusudiwa. Harufu ndiyo ramani ya paka, na kuifuta yote kwa asubuhi moja kulimwacha Kofia katika nyumba ngeni. Hata hivyo sitaki wasomaji wachukue kwamba usafi huo ni kosa daima. Maradhi ya figo ya Tausi hayaambukizi. Lau angekufa kwa panlukopenia, maradhi hatari ya kuambukiza ya paka, virusi vyake vingeweza kukaa ndani ya nyumba kwa miezi mingi, jiki iliyochanganywa na maji ingekuwa ndiyo dawa sahihi, na kuleta mtoto wa paka asiyechanjwa kungekuwa kumpeleka kaburini. Sababu ya kifo ndiyo inayoamua nini kifuliwe na nini kiachwe, na ndiyo maana inafaa ijulikane mapema, au angalau ikisiwe na daktari.

Khanga ya Tausi haikutoa jibu. Kofia aliinusa sana siku ya kwanza, akailalia usiku mbili, kisha akaiacha na hakuirudia. Inawezekana ilimtuliza katika siku zile ngumu. Inawezekana pia kwamba kuku na dawa ya maumivu vilifanya kazi yote. Haina gharama wala madhara, na ningeishauri tena bila kuisifia.

Familia ilijilaumu kwa kumzika Tausi bila Kofia kumwona. Katika kisa hiki lawama hiyo haina msingi, kwani Kofia alikuwa kikapuni pamoja naye usiku ule hadi alipochukuliwa. Na kwa ujumla, utafiti wa 2016 haukukuta kwamba kuuona mwili kunabadilisha mwenendo wa mnyama aliyebaki. Anayetaka kumwachia aliyebaki muda wa kunusa anaweza kufanya hivyo, mradi marehemu hakufa kwa maradhi ya kuambukiza.

Kulisha kwa sirinji ndiko kulikofeli kabisa. Mbali na hatari ya chakula kuingia mapafuni, paka anayelazimishwa akiwa na kichefuchefu au maumivu huhusisha chakula hicho na mateso, na anaweza kukikataa hata akipona. Kofia hakugusa uji wala kitu chochote cha rangi ya uji kwa miezi iliyofuata. Kama paka amefikia hali ya kulazimishwa, amefikia pia hali ya kuwekewa mrija, ambao hupitisha chakula bila kugusa ulimi.

Kanuni ya kutojibu kilio cha usiku ilifanya kazi, lakini kwa gharama. Haikuwa rahisi kumwomba bibi mwenye msiba wake alale akimsikia paka akilia, na kuvunjika kwake usiku wa nne kulitarajiwa. Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni mwana wa bibi kulala sebuleni, kwa sababu Kofia alipata mwili wa joto karibu bila kilio chake kulipwa. Katika nyumba ambayo mtu wa namna hiyo yupo, ningeanza na hatua hiyo tangu usiku wa kwanza na kuacha ukimya mtupu kwa wale wasio na namna nyingine.

Mpwa ameuliza tena kama mtoto wa paka, ambaye sasa amechanjwa na kukua, anaweza kurudi. Mashauri yaliyotolewa ni kwamba jambo hilo liamuliwe kwa kumtazama Kofia mwenyewe: awe anakula mlo kamili bila dawa, analala usiku mzima kwa wiki kadhaa mfululizo, na uzito wake umesimama. Kwa sasa anatimiza la kwanza na la tatu. Atapimwa tena meno na damu baada ya miezi sita, kwa kuwa paka aliyemomonyoka jino moja mara nyingi hupata jingine, na punje kavu hazijarudishwa kwenye bakuli lake.